Kisanduku cha Kome

Nilikibeba mapajani kwa basi hadi Nyakaliro,
kisha kivukoni, kimefungwa kwenye khanga ya mama.
Bosi mjini Mwanza alikuwa ameniambia:
kikilowa, umelowa na wewe.
Uzito wake pakiti mbili za sukari.
Masikio mawili, na tumboni laini mbili za kampuni mbili;
moja ikizirai, ya pili inapokea mzigo
kabla haujagusa chini.

Saiti ilikuwa kontena, lundo la kokoto,
na gati ambalo bado ni nguzo nne na mabishano.
Mhandisi Bwire alitaka vipimo vya zege vifike mjini kila jioni,
picha za nondo, mahudhurio, hesabu ya saruji,
maana mjini hawaamini mfuko wasiouona.

Nikasimamisha mlingoti wa mkaratusi juu ya jabali,
nikageuza antena polepole
kama anayetafuta sikio zima la kiziwi.
Huku, kimya. Huku, mnong'ono.
Nikaisogeza upana wa kidole,
na kutoka mnara nisiouona, ng'ambo ya maji,
kikaja kimstari cha tatu, cha nne.
Vijana wa zege wakagonganisha makoleo.

Usiku usubi wa ziwa uliganda kwenye paneli ya sola,
mweusi kama masizi ya sufuria.
Asubuhi nililifagilia jua njia
kwa ufagio wa chelewa.

Giga sitini kwa mwezi. Nilizipima kwa kibaba.
Tarehe kumi na tisa, zimebaki nane.
Kumbukumbu ya kisanduku haina haya, hutaja tu:
saa tisa usiku, simu isiyo na jina.
Jana saa tisa. Juzi saa tisa.
Kambini anakesha mtu mmoja:
Luhende, mlinzi, ambaye kwenye daftari la mahudhurio
ni dole gumba la wino wa bluu, kila siku.

Nikajua ni mambo gani.
Mwanamume, giza, video.
Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kumfungia,
ila nikatoka kwanza nikaone,
nipate maneno ya kumpelekea Bwire.

Alikaa juu ya mifuko ya saruji, rungu kati ya magoti,
kioo amekielekeza ukutani mwanga usimsaliti.
Bata wa katuni, kofia ya njano, alikuwa anafundisha watoto:
ba, be, bi.
Midomo yake ilifuata bila sauti.
Na dole, lile lile la wino,
lilichora herufi kwenye vumbi la saruji,
likaifuta,
likachora.

Ana miaka hamsini na mitatu. Sikukohoa.

Ripoti ya mwezi ina safu ya matumizi mengine.
Niliandika: majaribio ya mawimbi, saa za usiku.
Si uongo wote.

Gati liliisha Agosti. Siku ya malipo
karani Nyabuso akamsogezea kidau cha wino.
Luhende akaomba kalamu.
Ilichukua muda. Foleni ikaguna,
mtu akasema jamani, kivuko.
Akaandika LUHEDE.
Karani akanitazama. Mimi nikatazama maji.
Akalipwa.

Sasa tuko Ukara, mimi na kisanduku na khanga,
na wachimba visima wanaolalamika kama wale wa gati.
Jana, mvua ikipiga bati,
nikafungua orodha ya simu kinazozikumbuka nikaanza kufuta:
ya Bwire, za vijana, ya karani.
Nikafika kwenye ile isiyo na jina.
Ina jina.
Mara ya mwisho kuonekana: usiku wa kuamkia safari, saa tisa.
luhende, kwa herufi ndogo,
na N ipo mahali pake.

Wachimba visima wakaniita, laini ya kwanza imezirai.
Nikaenda. Orodha nimeiacha wazi.